Macho ya Mama Pindo

Hospitali ile ina madaktari wa kila namna, lakini ukitaka kujua ni mtu gani asiyeweza kwenda likizo bila wengine kuhangaika, uliza habari za chumba cha cherehani. Kiko nyuma ya jengo la dobi, mlango wa pili baada ya matangi ya maji. Ndani mna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi yenye waya uliofungwa utepe, na mwanamke mmoja mfupi, mnene, ambaye kila mtu, tangu mganga mkuu hadi wafagizi, anamwita Mama Pindo. Jina lake halisi limo kwenye faili la ofisi ya utumishi, na huko limetulia.

Alipata jina hilo kwa sababu hawezi kuona nguo asiguse pindo lake. Unamsalimu, naye anakuitikia huku amekwisha kukamata ncha ya shati lako na kuikagua. "Nani kakushonea hii? Amekudhulumu uzi, huyo." Miaka ishirini na miwili ameshona shuka, foronya, mapazia na magauni ya hospitali hiyo, na mgonjwa yeyote aliyewahi kulala pale amelala juu ya kazi ya mikono yake, ajue asijue.

Kila kipande kinachotoka chumbani humo kina alama ya uzi kwenye kona. Bluu ni ya wodi ya wazazi, kijani ni ya chumba cha upasuaji, nyekundu ni ya wodi ya wanaume, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Shuka mpya hazifunguliwi ovyo. Mama Pindo huzikunja mwenyewe, kona yenye alama ikiwa nje, akazifunga kumi kumi, na mzee wa dobi huyapitisha mafungu hayo kwenye mvuke na kuyasambaza kwa kufuata rangi ya uzi tu. Utaratibu ni wa Mama Pindo mwenyewe, na haukuwahi kwenda mrama hata siku moja, mpaka Jumatatu tutakayoifikia.

Kwanza ilikuja korona. Chumba ambacho watu walikipita bila kukitazama kikawa ndicho kinachoulizwa kila saa. Barakoa zilikwisha, magauni ya kujikinga yakaisha, na Mama Pindo alishona mpaka kiti kikavunjika mguu, akashona amekalia ndoo. Kila gauni lilikuwa jeupe, kila uso umefunikwa, na wagonjwa kule ndani hawakujua nani ni nani. Dada yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Kutoka kwenye cherehani hadi wodi ile ni hatua hamsini, na hakuruhusiwa kupiga hata moja. Habari zilimfikia kwa kinywa cha muuguzi mmoja mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akisimama mbali na dirisha na kumwambia leo dada kala, leo dada kalala vizuri.

Siku moja muuguzi yule alisema, "Dada yako analalamika kwamba wote tunafanana. Anataka kujua ni yupi anayetoka kwako."

Mama Pindo akachukua kipande cha kitambaa, akakata umbo la kuku, akalishona kifuani mwa gauni. Kwa nini kuku? Kwa sababu dada yake alifuga kuku maisha yake yote na aliwapenda kuliko alivyowapenda mashemeji zake. Muuguzi alirudi na habari kwamba mgonjwa amecheka mpaka akakohoa. Kesho yake wauguzi watatu walikuwa dirishani, mmoja anataka samaki, mwingine anataka birika, na wa tatu anataka chochote kile isipokuwa nyoka.

Dada hakutoka. Mama Pindo alilia siku tatu, na ya nne akarudi kwenye cherehani, kwa sababu magauni yalikuwa yakingojewa na hapakuwa na mtu mwingine.

Janga likapita, picha hazikupita. Alikuwa na makatoni manane ya vitambaa na nyuzi vilivyoletwa na watu wenye huruma katika siku zile ngumu, vimechanganyika, bila karatasi wala maandishi, na hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akaanza kuwashonea watoto waliolazwa. Kila gauni la wodi ya watoto likapata mnyama wake kifuani: tembo, simba, mamba mwenye meno mengi kuliko anayohitaji. Watoto wakaacha kupiga kelele wakati wa kuvalishwa. Wageni wa hospitali wakawa wanasimamishwa wodini waone. Metroni, mama mkali ambaye sifa kwake hutoka kwa kijiko cha chai, alimwita mbele za watu "msanii wetu." Na Mama Pindo, aliyedhani maisha yake yote ni mapindo ya shuka, akiwa na miaka hamsini na sita akagundua kwamba ndani yake mlikuwa na kitu kingine. Alifurahi waziwazi. Alikuwa akipita wodini mchana bila sababu yoyote, kuangalia tu.

Lakini kulikuwa na jambo alilolificha. Macho yalikuwa yanamwacha mkono. Kutunga uzi kulimchukua dakika tano, na akailaumu sindano. Akaanza kuwaomba wafagizi wamtungie, akidai yeye ana haraka. Nyumbani, mbele ya mume wake, mwalimu mstaafu asiyepitwa na kosa, alilisalimia koti la jirani lililoanikwa kwenye kamba, na akanuna lilipokosa kuitikia.

"Mama," mume wake akasema, "nenda kwa daktari wa macho. Mnafanya kazi ndani ya uzio mmoja!"

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Foleni ikipungua."

"Mwaka jana uliniambia foleni ikipungua."

"Na imepungua?"

Mwalimu akarudi kwenye gazeti lake. Mke wake alikuwa amemshinda kwa maneno tangu siku ya harusi.

Ukweli ni kwamba foleni haikuhusika. Kuingia hospitali na mkasi mkononi hakukumsumbua hata kidogo. Kuingia na kadi ya mgonjwa mkononi, miguu ilikataa. Tangu dada yake aingie kwa miguu yake mwenyewe, akipunga mkono, Mama Pindo alikuwa hajapima hata shinikizo la damu. Kichwa kikiuma alikunywa maji. Goti likiuma alilifunga kitambaa na kulisema vibaya.

Sasa twende kwenye Jumatatu. Asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mzee wa dobi alisukuma mlango akiwa anapangusa machozi. Mama Pindo akashtuka, akadhani kuna msiba. Kumbe mzee alikuwa anacheka.

"Mama Pindo, umetumaliza! Wodi ya wazazi wamepelekewa shuka zenye tundu katikati!"

Shuka zenye tundu ni za chumba cha upasuaji. Hufunikwa mgonjwa mwili mzima, na daktari hufanya kazi yake kupitia tundu. Mafungu mawili ya shuka hizo yalikuwa yametandikwa kwenye vitanda vya akina mama waliojifungua. Mama wa kitanda cha pili alikuwa amepitisha kichwa kwenye tundu na kuivaa, akasema inakaa vizuri mabegani. Mama mkwe wa kitanda cha tano alitangaza kwamba hospitali imebuni shuka ya kunyonyeshea, ili mtoto apate hewa, na alikuwa anawafundisha wenzake namna ya kuitumia. Na huko kwenye chumba cha upasuaji, daktari bingwa alikuwa ameigeuza shuka ya wazazi mara nne, akitafuta tundu, mpaka akaamini amechoka na kuomba akae chini.

Hakuna aliyeumia, ila mgonjwa wa ngiri alisubiri saa moja zaidi akiwa na njaa, na alilisema hilo kwa kila mtu aliyepita. Wodi nzima ilicheka. Mama Pindo peke yake hakucheka. Aliyafungua mafungu yaliyobaki, akaitazama kona baada ya kona, na kwake kila kona ilikuwa sawasawa.

Metroni alikuja mwenyewe. Alifunga mlango, akatoa mifukoni vibonge viwili vya uzi, akaviweka mezani.

"Hiki rangi gani?"

"Kijani."

"Na hiki?"

"Metroni, usinifanye mtoto mdogo. Kijani pia."

Metroni hakumkaripia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alivuta ndoo ile ile ya kukalia, akaketi. "Cha kwanza ni bluu, Mama Pindo. Ni bluu kabisa. Hata mimi nisiyejua kushona naona."

Mama Pindo akavichukua vibonge vyote viwili, akavisogeza dirishani.

"Kesho saa mbili asubuhi," Metroni akasema, "kliniki ya macho. Mimi na wewe."

"Wakinigusa wakakosea?" Sauti ya Mama Pindo ilikuwa ndogo. "Dada yangu aliingia hapa akinipungia mkono. Bila macho mimi ni nani? Picha zile za watoto ndicho kitu pekee nilichowahi kubuni kwa kichwa changu. Nikipofuka, zimekwisha. Bora nione hivi hivi vibaya."

"Na kwa kuona hivi hivi vibaya, utawashonea kwa muda gani? Mwaka? Miezi sita?"

Mama Pindo alishika ncha ya sare ya Metroni, akalipapasa pindo lake, kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. Pindo lilikuwa zuri. Alikuwa amelishona mwenyewe.

Daktari wa macho alikuwa msichana mwembamba mwenye koti linalomzidi, na Mama Pindo alimkagua kabla yeye hajakaguliwa. "Mkono wa kulia umefumuka, mwanangu."

"Utanishonea ukishaona," daktari akasema, akamkalisha na kumwangazia taa machoni. Alimwangalia jicho moja, akaenda la pili, akarudi la kwanza. "Ni mtoto wa jicho, mama, yote mawili. Lenzi ya jicho imeingia ukungu na kugeuka njano. Ndiyo maana bluu inakupotea. Tunaitoa, tunaweka nyingine. Tutaanza na la kulia. Hulali hapa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Uhakika?"

"Kila wiki tunawafanyia watu wengi. Lakini sitakudanganya kwamba hakuna hatari hata chembe. Ipo, ni ndogo. Ukiliacha, hatari si chembe tena, ni kupofuka tu."

Mama Pindo alipenda kuambiwa hivyo. Watu waliompaka mafuta kwa mgongo wa chupa hakuwa na muda nao. Akatia sahihi, akiinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuingia chumba cha upasuaji anachokishonea. Walimlaza, wakamtia ganzi ya jicho, wakamfunika. Alikuwa macho na anasikia kila kitu: vyuma vikiwekwa kwenye trei, daktari akiomba taa isogezwe. Akafikiri kwa kweli kwamba atainuka na kukimbia na shuka yake.

Mkono wa mtu ukashika wake. "Mama Pindo, ni mimi. Niko hapa." Sauti ilikuwa inakwaruza, ile ile ya muuguzi wa dirishani.

Hawakuwa wamezungumza kwa kirefu tangu siku zile. Walisalimiana tu kwenye korido na kila mmoja akashika njia yake, kwa sababu kilichokuwa kati yao kilikuwa kizito kukisimamia mlangoni. Sasa, akiwa amefunikwa uso na hakuna anayemwona, aliuliza alilokuwa nalo miaka yote.

"Dada yangu ulimshika hivi?"

"Hivi hivi. Mpaka mwisho. Alikuwa ameweka kidole juu ya yule kuku."

Machozi yakamtoka kwenye jicho la kushoto, na daktari akasema kwa upole, "Mama, lia baadaye tafadhali, sasa usicheze." Mama Pindo akatii.

Bandeji iliondolewa kesho yake, mume wake akiwa amesimama mbele ya kiti, amevaa shati lililopigwa pasi kana kwamba ni yeye anayepimwa. Kulikuwa na mwanga mwingi, kisha kulikuwa na mwalimu.

"Mzee wangu! Mvi hizi zimeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unanihurumia."

Alicheka njia nzima. Nyumbani aligundua kwamba ukuta wa sebule ni mweupe, na kwamba fundi wa rangi aliyemtukana kwa kupaka rangi ya maziwa yaliyochacha alikuwa hana kosa. Alimpigia simu siku hiyo hiyo amwombe radhi, na fundi akashindwa kuelewa simu ile ilikuwa ya nini. Kila saa alikuwa akifumba jicho moja na kufumbua lingine, la zamani likimwonyesha dunia ya kahawia, jipya likimwonyesha mbingu ambayo alikuwa ameisahau kabisa.

Wiki tatu zilipotimia alirudi kazini, na kituo chake cha kwanza kilikuwa wodi ya watoto. Alitaka kuiona kazi yake vizuri kwa mara ya kwanza. Alisukuma mlango akitabasamu, na tabasamu likaganda.

Tembo walikuwa wa zambarau. Wote, zambarau iliyoiva, na alikuwa amewashona wa kijivu. Simba walikuwa wa waridi. Mamba aliyempa kazi ya siku mbili, na ambaye aliapa ni wa kijani kama mamba halisi, alikuwa wa bluu toka pua hadi mkia. Alizunguka kitanda hadi kitanda akishika gauni moja moja, na watoto walimchekea, na yeye akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alimkuta Metroni ofisini. "Miaka yote hii mlikuwa mnajua! Wageni mnawaleta wamcheke kipofu!"

"Kujua nini?"

"Tembo wa zambarau!"

Metroni alivua miwani. "Mama Pindo, sisi tulidhani ndiyo sanaa yako. Nani angemwuliza msanii kwa nini tembo wake ni wa zambarau?"

"Kumbe sikuwa msanii," Mama Pindo akasema. "Nilikuwa mgonjwa tu."

Akarudi chumbani kwake, akachukua kiwembe cha kufumulia, akaenda wodini akiapa atafumua kila mnyama. Alipofika kwenye gauni la kwanza, mtoto aliyelivaa aliangua kilio kikubwa hivi kwamba wauguzi walikuja wawili wawili, na Metroni akatoa amri kwamba atakayegusa wanyama wale ataonana naye. Mama Pindo akarudi na kiwembe chake. Siku kadhaa alishona foronya, pembe nne na basi. Usiku alilala vizuri, kazi ilikwenda, uzi aliutunga kwa mara moja, na moyoni alikuwa na huzuni asiyoweza kumweleza mtu, maana ungemwambia nani kwamba umepona na unajuta?

Mwishoni alijisemea, kama ni msanii kweli, atashona tembo kwa jicho zima tuone. Alichagua kitambaa cha kijivu kwenye mwanga wa dirishani. Akalinganisha uzi, akapima masikio, akautazama mkonga kwenye kitabu cha shule cha mume wake. Ilimchukua siku tatu. Alikuwa tembo sahihi kabisa. Mwalimu alimpa alama zote.

Alimpelekea msichana wa kitanda cha nne, mwenye miaka sita, aliyevunjika mguu, nao umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuletea gauni jipya."

Mtoto alilitandaza juu ya tumbo lake. Alilitazama kwa muda mrefu, akampapasa tembo kwa kidole, kisha akamwinulia Mama Pindo uso wenye wasiwasi mtupu.

"Bibi, huyu anaumwa?"

Mama Pindo alifungua kinywa amweleze kwamba tembo wote duniani ni wa kijivu, na kwamba hata kwenye kitabu cha shule ni hivyo. Alimwangalia tembo wake sahihi. Akaangalia wodi, wale wa zambarau na wa waridi na mamba wa bluu wakipanda na kushuka juu ya vifua vya watoto. Akavuta kiti, akaketi.

"Anaumwa," akasema. "Alikuwa anaogopa kuja hospitali."

"Sasa amekuja?"

"Amekuja."

"Basi mtibu, bibi."

Mama Pindo akafungua kopo lake la nyuzi na kuviinua vibonge kimoja kimoja kwenye mwanga, vya bluu, vya kijani, vya kahawia, na vyote alivijua. Kwenye cha zambarau akasimama. Hakuna ugonjwa uliomchagulia safari hii. Akakata uzi, akaanza kwenye sikio, na msichana akamshikia ncha ya gauni ili lisicheze.